Kilomita Kumi na Nne

Nyumbani
Jumapili, 31 Machi 1991

Mdogo wangu Kinda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku sote tu wazima isipokuwa baba.

Ijumaa ya tarehe 22 alikuwa kiwandani na baba mdogo, wanapanga herufi za risasi za kuchapia kadi za harusi. Mkono wa kulia ukamlegea, sanduku la herufi likamwagika sakafuni. Baba mdogo akadhani ni uzee tu, akamtania, "Kaka, leo unamwaga herufi kama unalisha kuku." Baba hakujibu. Baba mdogo alipogeuka akaona mdomo umekwenda upande. Ni kiharusi. Alimbeba mgongoni toka kiwandani hadi barabara kuu, na wewe unajua mgongo wake mwenyewe ulivyo mbovu, akasimamisha gari la kwanza lililotokea. Lilikuwa limebeba magodoro. Baba alifika hospitali amelazwa vizuri kuliko wagonjwa wote wa siku ile.

Tumeruhusiwa kurudi naye nyumbani. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno yanatoka, ila lazima usogeze sikio. Mchana nikiwa zamu wadini hospitalini, baba mdogo anafunga kiwanda na kuja kukaa naye, jioni nampokea mimi. Namwosha, namgeuza, namlisha. Usihangaike. Nimegeuza wagonjwa wa watu miaka kumi na tano, sembuse wangu.

Nimeona ni haki ujue. Mambo yenu ya zamani siyagusi.

Baba anakusalimu.

Dada yako


Chumba namba 14, orofa ya tatu
13 Aprili 1991

Dada,

Barua yako nimeisoma kazini, nimesimama, karatasi ya hali ya hewa mkono wa pili. Mkubwa wangu akaniuliza kama kuna dhoruba. Nikamwambia ndiyo.

Pole sana, na mpe pole baba mdogo. Sikujua kama bado ana nguvu ya kumbeba mtu.

Nikueleze kitu ambacho sijapata kukueleza vizuri. Huko watu wanadhani naendesha ndege. Siendeshi. Kazi yangu ni kuipanga safari kabla rubani hajaingia ndani: nachora njia kwenye ramani, natazama upepo, nahesabu mafuta, naandika muda. Ndege ya kuja kwenu inaondoka hapa kila Jumanne jioni, na mara nyingi ninayeipanga ni mimi. Toka kiwanja hiki hadi kiwanja cha kwenu ni kilomita elfu nane mia sita na arobaini. Kuja huko, saa kumi na dakika ishirini. Kurudi huku, saa kumi na moja na dakika tano, kwa sababu upepo unaipiga usoni. Inatua kwenu Jumatano saa mbili asubuhi, na kabla ya saa sita mchana inageuza. Sisi wafanyakazi tunaruhusiwa kupanda bure kikibaki kiti kitupu, na viti vitupu havikosekani.

Kwa hiyo si umbali, dada, wala si ruhusa. Unajua ni nini. Siku niliyokataa kushika kiwanda, baba alisimama mlangoni akasema, "Vuka. Lakini usirudi mpaka nikuite mimi, kwa mdomo wangu." Ulikuwepo. Miaka tisa nasubiri mdomo huo.

Je, ameniita? Hata neno moja tu, hata kwa nusu ya mdomo. Akilisema, nitumie telegramu siku hiyo hiyo. Jumatano inayofuata niko mlangoni.

Nisalimie wote.

Kinda


Chumba namba 14
12 Mei 1991

Dada,

Nimerudi salama, kama kuna anayejali.

Telegramu yako ya Jumatatu niliipata saa sita mchana. Haikuniita, ilinitaarifu tu: BABA AMEFARIKI. Nikakujibu kwamba nakuja Jumatano, nikapanda. Sasa nimejua kumbe jibu langu halikuhitajika.

Mlichoamua mmeamua, sina wa kumlalamikia. Ila nilidhani wewe, uliyenifundisha kufunga kamba za viatu, ungeniambia mwenyewe ana kwa ana, hata kama ni kunifukuza.

Umesema hutaki kuuona uso wangu. Hutauona.

Mdogo wako (kama bado ni neno la kutumia)


Nyumbani
14 Mei 1991

Kinda,

Leo ni siku ya sita toka tumzike baba. Watu wamekwisha kuondoka, viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe, ndipo nimepata meza ya kukuandikia.

Tulikusubiri. Nataka ulijue hilo kabla hujaleta maelezo yako ya upepo na mafuta. Wazee walitaka azikwe Jumanne. Mimi nikasema hapana, mwanawe yuko njiani, ametuma telegramu. Wakaninung'unikia, nikashikilia neno langu. Jumatano baba mdogo akaazima gari la jirani muuza mbao, akaenda uwanja wa ndege tangu saa moja na nusu. Ni kilomita kumi na nne tu, lakini alisema heri awahi. Mimi nilibaki na marehemu. Nikakupigia pasi shati la baba, lile la mistari, nikijua utakuja na nguo za safari tu.

Saa saba mchana baba mdogo akarudi peke yake. Nikakimbilia gari, nikafungua mlango wa nyuma, nikidhani umejilaza kwa uchovu. Hakuna mtu. Baba mdogo akasema, "Abiria wote wametoka. Nimesubiri mpaka mfagiaji akaja kufagia miguuni pangu. Hakushuka."

Saa kumi alasiri tukazika. Udongo wa kwanza aliutia baba mdogo, kwa kuwa mwenyewe hukuwepo.

Shati nimelifungia kabatini. Usiniandikie.

Aliyekuwa dada yako


Nyumbani
3 Juni 1991

Kinda,

Nilikwambia usiniandikie, na barua yako ya tarehe 12 imeingia nyumbani humu wakati yangu iko njiani kuja kwako. Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilidhani umelewa. Mara ya pili nikadhani ni hila. Mara ya tatu nikaketi.

"Nimerudi salama." Kutoka wapi?

"Umesema hutaki kuuona uso wangu." Nimemwambia nani? Lini? Mimi na wewe hatujasemezana kwa mdomo miaka tisa.

Nijibu kama unavyowajibu wakubwa wako, moja baada ya jingine, bila maneno ya hasira. Ulipanda ndege? Ulishuka? Ulimwona nani? Alikwambia nini, kwa maneno yake hasa?

Sijamwuliza mtu yeyote. Nasubiri wewe.

Dada


Chumba namba 14
20 Juni 1991

Dada,

Barua zako mbili zimenifikia ndani ya juma moja. Ya tarehe 14 Mei niliikunja nikaitupa, nikasema huyu sasa ananicheza shere. Ilipokuja ya pili nikaiokota ya kwanza, nikaisoma upya.

Nakujibu.

Nilipanda. Kiti cha 31, karibu na choo. Sikulala. Tulitua saa mbili na dakika saba.

Nilishuka. Nilitoka nje na begi moja la mkononi. Baba mdogo alikuwa amesimama karibu na nguzo, amevaa koti lake la kahawia. Nilifurahi kumwona, dada. Nilimkumbatia. Yeye hakunikumbatia; mikono yake ilibaki mifukoni.

Nikamwuliza, "Tunakwenda moja kwa moja nyumbani?"

Akasema, "Nyumbani kufanya nini? Tumemzika jana."

Nikamwambia nilituma telegramu. Akasema, "Tumeiona. Dada yako ndiye aliyesema tusikusubiri. Amesema hataki kuuona uso wako, na ukija atatoka yeye."

Nikamwuliza kama baba aliniita kabla ya kufa. Akasema, "Mpaka mwisho alikuwa na lile lile lake. Usikanyage." Kisha akaniambia, kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionimaliza, "Rudi, mwanangu. Usiwaongezee watu machungu."

Nilikuwa nimemletea baba miwani. Nilipoondoka miaka tisa iliyopita alikuwa anasoma herufi ndogo kwa kuzisogeza puani. Nikampa baba mdogo ile miwani, nikamwambia aitie kaburini au afanye anavyoona. Akaipokea. Akasimama nami mpaka nilipoita wenzangu wa kampuni wanirudishe ndani. Ndege ikaondoka saa sita kasoro robo.

Umesema mlizika saa kumi alasiri. Saa kumi mimi nilikuwa angani, saa nne na robo toka nilipowaacha. Nimepima juzi kwenye ramani, ingawa sikutaka. Mlipokuwa mnamfukia baba nilikuwa zaidi ya kilomita elfu tatu na mia tatu kutoka hapo, nikila mkate ulioletwa kwenye sahani ya plastiki. Asubuhi ile ile nilikuwa kilomita kumi na nne.

Ni kweli hukusema maneno yale?

Kinda


Nyumbani
9 Julai 1991

Mdogo wangu,

Sikusema. Wala sikuyawaza.

Barua yako niliipata wadini. Nikamwachia mwenzangu zamu, nikaenda kiwandani na gauni langu la kazi. Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umemwinama, anapanga stakabadhi za muuza mbao. Na usoni alikuwa na miwani.

Kinda, ile miwani nilikuwa naiona kila siku toka msiba. Nilimsifia hata. Nilimwambia, "Baba mdogo, siku hizi umekuwa mwalimu." Akacheka.

Nikamwuliza, "Hiyo umeipata wapi?"

Hakutafuta uongo mwingine. Aliivua, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akasema, "Kwa hiyo amekuandikia."

Nikamwambia, "Alikuja! Alisimama mbele yako, na maiti ya baba yake iko ndani inamngoja! Wewe ni mtu wa namna gani?"

Akasema, "Punguza sauti, mteja yuko nje." Ndivyo alivyosema. Kisha akaniuliza, "Miaka tisa, nani alimtia baba yako viatu? Nani alikuwa anaukaza mtambo huu kila asubuhi kwa sababu yeye mikono imechoka? Nani alimbeba? Halafu huyo ashuke kwenye ndege na shati limenyooka, watu wote wapishe, apewe koleo. Udongo wa kwanza wa kaka yangu autie yeye?"

Nikasema, "Ni mwanawe."

Akasema, "Na mimi ni nani?"

Nilimpiga kofi. Sijapata kumpiga mtu mzima maishani. Miwani ikaanguka, haikuvunjika. Aliiokota yeye mwenyewe, polepole, kwa sababu ya mgongo.

Nilirudi nyumbani nikajiambia nimekupigania. Lakini kuna neno nimelizungukia toka mwezi wa Machi, na nikiliacha leo sitaliandika tena.

Baba alikuita.

Aliniambia, "Mwambie aje." Kwa nusu ya mdomo, kama ulivyoandika wewe. Nilisikia vizuri. Nikakuandikia "Baba anakusalimu."

Usiniulize kwa nini kana kwamba jibu liko tayari. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa namwosha mtu asiyeniambia hata ahsante, na siku nilipolitaja jina lako, alipolisikia tu, alishika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto akala uji wote. Kwangu mimi alikuwa anafumba mdomo. Nikasema moyoni, akija huyu, ataamka atembee, na mimi nitabaki na beseni mkononi. Nilitaka kwanza apone mikononi mwangu. Kisha ndipo ningekuita. Niliamini muda upo.

Baba mdogo aliongopa siku moja. Lakini asingeweza kukudanganya kama ungekuwa na neno la baba mfukoni. Neno hilo nilikuwa nalo mimi.

Dada yako


Kiwandani
15 Julai 1991

Kwa mtoto wa kaka yangu.

Barua hii nimeipanga kwa herufi za risasi na kuchapa nakala moja, kwa maana mwandiko wangu mtu hausomi. Ukiona kosa la herufi usinicheke. Kupanga unasoma kinyumenyume, na macho si yale.

Dada yako ameniambia niombe msamaha. Nimejaribu kuupanga mara mbili, nikaumwaga. Nakuandikia kilichotokea.

Asubuhi ile sikwenda uwanjani kukudanganya. Nilikwenda kukuchukua. Gari niliazima kwa ajili yako, kiti nilikifuta kwa ajili yako. Nikasimama kwenye nguzo. Nikakuona unatoka. Umenenepa kidogo, shingo ya baba yako, mwendo wa baba yako. Ukanikumbatia ukasema, "Baba mdogo, umezeeka." Hilo hukuliandika kwenye barua yako, dada yako amenisomea yote. Ulisema kwa kucheka. Ndipo nikasikia mdomo wangu unasema tumemzika jana. Sikuwa nimeupanga uongo huo. Ukishatoka wa kwanza, mwingine unajipanga wenyewe.

Nilingoja ubishe. Nilingoja useme, "Toka hapo mzee, nipeleke kaburini nikaone mwenyewe." Ungesema hivyo ningekuvusha. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwangu ndani ya mfuko muda wote. Ulichukua dakika kumi kukubali. Labda na wewe ulikuwa unatafuta wa kukurudisha.

Baba yako alikuwa kaka yangu miaka sitini na mbili. Wewe ulimpata kumi na tisa ukaondoka. Nilitia udongo wa kwanza mimi. Hayo ni yangu.

Miwani nimeizoea. Ukiitaka nitairudisha.

Ndimi baba yako mdogo


Chumba namba 14
6 Agosti 1991

Dada,

Barua mbili zilikuja bahasha moja. Sitamjibu baba mdogo. Mwambie miwani abaki nayo.

Nakujibu wewe.

Ukitaka kujua nilifanya nini nilipoisoma, nilifanya kazi. Leo ni Jumanne. Nilipanga ndege ya kwenu, nikaandika saa kumi na dakika ishirini, nikatia sahihi. Kisha nikachukua karatasi nyingine. Barua yangu ya tarehe 13 Aprili ilitoka hapa na ndege ya Jumanne tarehe 23, kwa hiyo ulikuwa nayo tarehe 24. Ungetuma telegramu siku hiyo, au siku yoyote mpaka Jumanne tarehe 30 asubuhi, ningepanda jioni ile. Mei mosi saa mbili na nusu ningekuwa chumbani kwake. Alikufa tarehe 6. Ningempata siku tano, dada. Nimezihesabu kwa saa pia, ila sitakuandikia.

Nilitaka kukutukana. Niliandika ukurasa mzima, nikauchana, si kwa huruma. Ni kwa sababu yule mzee amenigusa mahali. Dakika kumi. Hazikufika hata kumi. Nimepanga ndege ya huko zaidi ya mara mia tatu, na kila mara kulikuwa na kiti. Mwanamume wa miaka ishirini na minane anangoja kuitwa kwao kama mgeni anayengoja kadi! Ningeweza kuja mwaka wowote kati ya hii tisa nikasimama mlangoni, anifukuze tena kama anataka. Sikuja, kwa sababu kungoja kulinifanya mimi niwe ndiye niliyeonewa. Baba mdogo aliponiambia rudi, kuna sehemu yangu ilipumua. Nimekuwa nikiificha sehemu hiyo hata kwenye barua ya Juni. Haya, umeijua.

Nitakuja Jumatano tarehe 18 Septemba. Uje uwanjani wewe mwenyewe, usimtume mtu. Nataka kuona kaburi tu. Sitafika nyumbani, sitafika kiwandani. Nitarudi na ndege ile ile.

Kinda


Nyumbani
Jumapili, 22 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama.

Kuna uliyoyaona Jumatano na kuna usiyoyaona, kwa kuwa ulikuwa na haraka ya ndege. Yule mzee aliyesimama kwenye lango la makaburini, kofia mkononi, hakufika pale kwa bahati. Nilimkataza, hakunisikia. Alikuwa pale toka kunapambazuka, akang'oa majani yote ya kaburi kwa mikono, na mgongo ule. Ndiyo maana ulilikuta safi. Tulipofika alisogea, akafungua kinywa. Ukampita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme. Nilikuwa nyuma yako, nikaona kinywa chake kinavyojifunga. Uliposimama kaburini hukulia, ukachuchumaa ukaweka kiganja juu ya udongo, ukanyanyuka ukasema, "Twende, tutachelewa." Tukampita tena. Hajaja kiwandani toka siku hiyo. Mlango umefungwa, wateja wananifuata mimi wadini kuuliza kadi zao.

Sikuandiki ili umhurumie. Alivyovuna ni vyake.

Nakuandikia kwa ajili ya swali lako. Tulipokuwa uwanjani tunangoja uitwe, umekaa na begi mapajani, uliniuliza bila kunitazama, "Alisema mara ngapi?" Nikakujibu, "Mara moja au mbili, sikumbuki." Ukatikisa kichwa. Nikaona mabega yako yameshuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha wakaita abiria, ukasimama, ukanikumbatia. Ukasema, "Yamekwisha, dada."

Nakumbuka. Haipiti siku nisikumbuke.

Baba alianza Jumapili ile niliyokuandikia barua ya kwanza. Akasema tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Siku nyingine alikuwa akichoka kusema, lakini Jumapili alijua siendi kazini, alijua ndiyo siku ninayokaa na kalamu, akaikusanya nguvu yake yote kwa ajili ya maneno mawili hayo. Jumapili tano. Kila mara nilimwambia, "Nitamwandikia, baba." Ya tano nilipomwambia hivyo, barua yako ya "Je, ameniita?" ilikuwa mfukoni mwa gauni langu.

Ya sita ilikuwa tarehe 5 Mei. Sikumsikia akisema "mwambie aje." Nilikuwa nampangusa ule mkono usiofanya kazi. Akanitazama sana. Akasema, polepole, ili nisikose hata silabi moja, "Amekataa?"

Nilikuwa na nafasi bado. Ningeweza kuitoa barua mfukoni nikamsomea. Ningeweza kusema, "Hapana baba, ni mimi." Alikuwa anangoja jibu, jicho moja limefunguka kuliko jingine.

Nikamwambia, "Bado hajajibu, baba."

Akageuzia uso ukutani. Asubuhi yake alikuwa ameondoka.

Baba mdogo hayajui haya, hakuna ayajuaye. Yeye alikudanganya asubuhi moja, ukampita mara mbili bila salamu. Mimi ulinikumbatia.

Dada yako